Jinsi Dairekta Wilson Alivyosindikizwa Kwenda Asia

Wilson alikuwa amesimama nje ya Tabasamu Studio, karibu na soko la Eldoret, akijitazama kwenye kioo cha dirisha kama watu wanaojipenda wafanyavyo. Jicho lake likapita kofia, likapita miwani nyeusi, likaingia ndani ya duka na kutua juu ya kamera. Haikuwa kamera ya kupiga pasipoti. Ilikuwa ya sinema, nyeusi, nzito kama jogoo wa Krismasi, imefunikwa nusu kwa kitambaa kilichofumwa na mke wa mtu. Kando yake palikuwa na bati la mviringo lililoandikwa kwa rangi: SAFARI YA MKEBE, FILAMU YA G. KIARIE.

"Kumbe," Wilson akaiambia kofia yake, "Mungu hajatusahau."

Hapo ndipo balaa huanzia, wazazi wenzangu. Mtu asiye na kazi akianza kumshukuru Mungu mbele ya duka lako, funga duka.

Huyu Wilson hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango, Wilson alifunguliwa. Alikuwa ametoka Nakuru, ambako aliyauzia makanisa mawili kengele moja, na hiyo kengele yenyewe ilikuwa ya shule. Alivaa koti la rangi ya maziwa, saa ya kumetameta na viatu vyenye ncha kama mdomo wa kunguru. Sauti yake ilikuwa laini hivi kwamba akikuomba njia ya kupita ungempa na shamba.

Na ilikuwa ile miaka watoto wetu walikunywa shuleni maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali, picha ya Rais imetundikwa kila duka mpaka kwa kinyozi, na kila mtu anachunga ulimi wake. Watu waliogopa kusema. Kusifiwa hawakuogopa.

Wilson akaingia, akavua kofia, akasimama kimya kama mtu aliyeingia kanisani.

"Samahani," akasema. "Wewe ndiye Kiarie? Kiarie yule wa filamu?"

Gerishon Kiarie aliangusha kitambaa alichokuwa akifutia kioo. Alikuwa mtu wa picha za pasipoti na za harusi. Kwa miaka miwili, kila Jumapili baada ya ibada, alipanda hadi kijiji cha Ziwa, kule kaskazini kwa wakulima wa mahindi na maziwa, akapiga filamu ya mkebe mmoja wa maziwa ukisafiri kutoka chini ya ng'ombe mpaka mjini: matope, mvua, mkokoteni, punda. Aliimaliza, akaiweka dirishani, na hakuna binadamu aliyemwita Kiarie wa filamu. Hata mkewe alimwita Baba Nyaguthii.

"Ni mimi," akasema, na shati likambana kifuani kwa ghafla.

"Nimekutafuta sana. Mimi ni Dairekta Wilson. Huko Asia kuna tamasha kubwa la filamu, na mwaka huu Afrika nzima imepewa nafasi moja. Moja, Bwana Kiarie. Nimeenda Uganda, nimeenda Tanzania. Nimeona filamu nikalia, na sio kwa uzuri."

"Asia gani?" sauti ikauliza mlangoni. Alikuwa Wacera, mke wa Kiarie, ameingia na birika kutoka hoteli yake ndogo ya chai iliyopakana na studio.

"Asia mjini, mama," Wilson akasema bila kupepesa.

"Wahindi si wana filamu zao? Tunaziona hapa sinema. Mtu akipigwa risasi anaimba kwanza. Yetu haina hata wimbo. Iko na punda anakohoa."

"Hiyo ndiyo wanataka!" Wilson akapiga meza. "Wamechoka na nyimbo. Huko punda akikohoa, watu wanatoa leso."

Kiarie alicheka kwa furaha mpaka akakohoa kama punda mwenyewe.

Sasa sikilizeni jinsi nyoka anavyojikunja. Sheria za tamasha, Wilson alieleza, zilikuwa chache. Iletwe filamu, na iletwe kamera iliyoipiga.

"Kamera ya nini?" Wacera akauliza.

"Mama, hawa watu hawatuamini. Wataona kazi safi namna hii, watasema imepigwa na Mzungu. Lakini ukiweka kamera mezani, imejaa alama za vidole vya Kiarie, watanyamaza. Na nitabeba vyote kwa mkono wangu. Hiyo posta yetu inapoteza hata habari za mazishi."

Filamu ilikuwa hiyo moja tu, haina nakala. Na kamera ilikuwa ng'ombe. Nasema ng'ombe kwa maana Wacera alikuwa na ng'ombe wa maziwa aliyeachiwa na mama yake, na mkulima mmoja Mzungu kule Plateau alipokuwa akifungasha kurudi kwao, Kiarie alimbembeleza mkewe siku nyingi mpaka ng'ombe akageuka kamera. Ndiyo iliyopiga harusi za wenye nacho. Ndiyo iliyomweka Nyaguthii shule ya bweni. Kamera ikienda, mtoto anarudi nyumbani na sanduku lake.

Kwa hiyo Kiarie hakuweza kuamua. Asubuhi alisema, "Natuma." Akinywa chai ya saa nne alisema, "Situmi, iko moja tu." Wilson akipita dirishani na kuinua kofia, Kiarie alitoka nje mbio kusema, "Nafikiri natuma!"

Na Wilson, kwa vile alikuwa fundi, alimkataza.

"Usitume, ndugu yangu. Mimi singependa uumie roho. Kuna kijana wa Kitale ana filamu ya mama yake akikaanga samaki. Si nzuri, lakini basi, Afrika iwakilishwe na samaki."

"Samaki!" Kiarie akashika kichwa.

Wacera aliona yote hayo akiwa anapanga mandazi. Alijua akisema huyu ni tapeli, mume wake atasema ana wivu, na kamera itatoka usiku huo huo. Mwanamume akishaanza kujiona kwenye ukuta wa sinema, usibishane naye. Mwongezee chai, kisha mwulize swali.

"Baba Nyaguthii," akasema, "mimi sikatai. Lakini hizo sura ndani ya filamu si zako. Utapeleka Asia uso wa Mama Jemutai wa Ziwa bila kumwuliza? Akikutana nawe sokoni utamwambia nini?"

Kiarie akakuna shingo. Hilo lilikuwa neno.

Basi siku ya soko wakapanda Ziwa wote watatu, Wilson naye, kamera begani mwa Kiarie. Shuka nyeupe ilitundikwa ukutani kwenye jumba la kanisa, madirisha yakazibwa na magunia, na watu wakajaa wakiwa bado na vikapu vyao. Mbele kabisa alikaa Chifu Stephen na sare yake ya kaki, maana miaka ile watu hawangekusanyika hata kuangalia punda bila serikali kuwepo. Kando yake alikaa Mama Jemutai, mwenyekiti wa kina mama, mwanamke mzee mwenye mikono mikubwa, ambaye ng'ombe wake ndiye alikuwa ametoa yale maziwa ya kwenye mkebe.

Filamu ikaonyeshwa. Watu walicheka, wakapiga makofi, wakaitana majina. Shuka ilipobaki nyeupe, Kiarie akasimama, akaeleza habari ya Asia, akauliza: iende au isiende?

Mzee Kipkorir, mwenye punda, alisimama kwanza.

"Mimi nimehesabu. Punda yangu imeonekana mara nyingi sana. Mimi nimeonekana mgongo. Sasa Asia watajua nani ni mwenyewe wa hiyo boma?"

"Wataona mgongo wa mtu mkubwa, mzee," Wilson akasema. "Huko mgongo unaheshimiwa."

Mzee akakaa, akajinyoosha.

Mama mmoja akasema yeye amepigwa picha na kitambaa cha kukamulia kichwani, na kile kizuri kiko kwa sanduku. Mwingine akauliza kama hao watu wa Asia watataka kuja kuona, na watalala wapi. Mwingine akasema isiende, kwa sababu ndani ya filamu ua la jirani yake limeonekana limeanguka, na hiyo ni aibu kwa lokesheni nzima.

Ndipo Wilson akasimama katikati, kofia kifuani.

"Wazee wangu. Mama zangu. Huko Asia kuna mtu ameamka leo asubuhi, amevaa viatu, amekunywa chai, na hajawahi kuona Ziwa. Je, hiyo ni haki?"

"Si haki!" watu wakasema.

"Mtoto wake atazaliwa, atakua, ataoa, bila kujua maziwa yanatoka wapi. Ni haki?"

"Hapana!"

"Hiyo," Chifu akasema, akigonga fimbo yake chini, "ni maendeleo."

Na chifu akishasema kitu ni maendeleo, nani atasimama kukipinga? Ikapita. Filamu iende.

Wilson akapangusa kipaji cha uso. "Nimeshukuru. Basi kesho Bwana Kiarie anipe kamera na filamu, niondoke polepole. Mimi si mtu wa kelele."

Wacera akainua mkono kutoka nyuma.

"Mimi niko na neno dogo tu. Huyu ni mtu wetu sasa, anabeba jina letu ng'ambo. Ataondoka hivyo, peke yake, kama mtu amekosana na watu?"

Watu wakainama kwa aibu. Maana mnajua desturi yetu ya miaka ile. Mtoto wa mtu akipata nafasi ya kusoma India au Amerika, haendi mwenyewe. Kunatafutwa lori, kunatafutwa kwaya, anasindikizwa mpaka Nairobi, uwanja wa ndege Embakasi, na watu wanapanda ghorofani pale pa kupungia mikono, wanapunga mpaka ndege iwe kama nzi, mpaka nzi asionekane. Anayeondoka bila kusindikizwa ni mkimbizi au ni mkwepa ushuru.

Mama Jemutai akasimama, machozi karibu.

"Haiwezekani! Wewe kijana, mama yako yuko wapi?"

"Yuko mbali, mama," Wilson akasema, na kwa kweli hakuwa amemwona kwa muda mrefu.

"Basi mama yako ni mimi. Nitakufikisha mpaka hiyo ndege iruke."

"Mama, msijisumbue. Na tena mkutano wa watu wengi bila leseni, si mnajua siku hizi..."

"Leseni ni mimi," Chifu Stephen akasema. "Na nitakaa mbele."

Kiarie naye aling'aa kama aliyepakwa mafuta. "Na mimi nitapiga filamu ya safari yote, Dairekta! Ukifika mlango wa ndege ndipo nakukabidhi kamera. Hiyo reli mpya ya filamu wataisafisha huko huko, waone vile tunasindikizana."

Wilson aliangalia huku na huku. Angeweza kutoroka jioni hiyo, na leo hadithi ingekuwa fupi. Lakini kamera ilikuwa pale, mkononi mwa Kiarie, karibu kama chakula kwenye sahani ya jirani. Mtego wa panya huwa na njia ya kutoka, nakwambia. Ni jibini tu ambayo haina.

"Nimekubali," akasema.

Siku ya safari, lori la chama cha ushirika lilingoja na dereva wake Wanyonyi, limefagiliwa lakini harufu ya maziwa ikakataa kutoka. Wilson alivishwa shingoni majani ya sinendet, kama anavyovishwa mtu wa heshima, akanyweshwa mursik, maziwa ya mgando, kutoka kibuyuni mpaka masharubu yakawa ya kijivu. Kwaya ikapanda. Chifu akapanda mbele. Mama Jemutai akakaa juu ya gunia katikati, bati la filamu mapajani, amelishika kama mtoto mchanga anayepelekwa kliniki. Kiarie alisimama juu ya kreti, jicho kwenye kamera, mgongo kwenye upepo. Wacera alikaa pembeni na kikapu chake cha mandazi, mpole kabisa.

Hawakuwa wametoka vizuri mjini, Mzee Kipkorir akashika ukosi wa koti la Wilson, akalipima kwa vidole.

"Koti nzuri hii. Huko Asia koti ziko?"

"Tele, mzee," Wilson akasema kwa maringo. "Mtu anachagua tu."

"Basi hii wacha hapa."

Watu wote wakaitika kwamba ni sawa. Na ni sawa, kwa desturi: anayekwenda ng'ambo anaenda kupata vipya, vya zamani anawaachia wanaobaki baridini. Wilson alifungua mdomo kukataa.

"Ama unarudi karibuni, Dairekta?" Wacera akauliza kwa sauti tamu.

Wilson akafunga mdomo, akavua koti.

Baada ya koti, mwimbaji wa sauti ya tatu aliiomba saa. "Wakati wa huko na wa hapa si moja, ndugu. Hii itakudanganya." Saa ikaenda. Kofia ikachukuliwa na mlinzi wa kanisa, kwa maelezo kwamba ndani ya ndege hakuna jua. Miwani ilifuata kofia. Walipoanza kupanda kuelekea Timboroa, ambapo baridi hung'ata kama mbwa wa askari, viatu vyenye ncha vikaingia miguuni mwa mwalimu wa kwaya, na Wanyonyi akatoa chini ya kiti gambuti za zamani za mpira, mguu mmoja mkubwa kuliko mwingine.

"Vaa hizi mpaka ndege," akasema. "Ukifika utazitupa."

Wilson alibaki na shati, suruali, sinendet na gambuti. Meno yake yakagongana. Mama Jemutai akavua blanketi lake mwenyewe, akamzungushia mpaka shingoni.

"Hii sikupi," akasema. "Nakuazima. Mama haachi mtoto agande."

Wilson akamwangalia haraka, kisha akaangalia upande mwingine.

Msituni karibu na Timboroa akagonga mbao za lori. "Simamisha. Nataka kwenda kidogo huko vichakani."

"Peke yako?" Mzee Kipkorir akashtuka. "Kuna fisi huko! Wanaume, shukeni."

Wanaume wote wakashuka. Wakamzunguka pale kichakani, wakampa migongo kwa adabu, wakashikana mikono ili mnyama asipite, na kwa kuwa kimya si kizuri msituni, wakaimba. Kiarie akapiga filamu kwa mbali. Wilson alirudi kwenye lori bila kufanya lolote. Haja ilikuwa imerudi ilikotoka.

Nakuru alijifunika blanketi uso mzima mpaka mji ukaisha, kwa sababu ambazo makanisa mawili yanazijua. Kwaya ikaona ni majonzi ya kuacha nyumbani. Wakamwimbia mpaka Gilgil.

"Lia, mwanangu," Mama Jemutai alimwambia, akimpapasa mgongo. "Asiyelia akiondoka si mtu."

"Mama," Wilson akasema chini ya blanketi, "huoni baridi?"

"Naona. Lakini wewe ndiye unaenda mbali."

Embakasi walifika jua likiwa limeanza kulegea. Watu wakashuka, wakajipangusa vumbi, kwaya ikajipanga mbele ya milango mikubwa ya vioo. Wilson alihesabu hatua akilini: achukue kamera, achukue bati, aingie kwa mlango huu, atokee kwa ule, atafute basi la mjini. Mpango ulikuwa bado mzima.

"Haya, Bwana Kiarie. Nipe sasa."

"Subiri," Kiarie akasema, jicho limebanwa kwenye kamera. "Mwanga umekuwa mzuri sana. Tembea kidogo. Tazama mbali kama mtu anawaza Asia."

Wilson akatembea, gambuti zikilia kwap, kwap. Akatazama mbali. Akarudi, akanyoosha mkono.

"Usiguse kioo!" Kiarie akaruka nyuma.

Mama Jemutai akasogea na kibuyu cha mursik. "Sasa, mwanangu, toa pasipoti na tikiti."

"Za nini, mama?"

"Nizitemee maziwa. Safari haibarikiwi hewani."

Watu wakakaribia kuona pasipoti. Wengi wao hawakuwa wameiona kamwe.

"Ziko... ziko ndani, mama. Kwa ofisi."

"Ofisi gani?" Chifu Stephen akavuta mkanda wake. "Kwa nini kitu ya mtu wetu ikae ofisi? Mimi ni serikali. Naingia kuzileta."

"Chifu, usi..."

Chifu alikuwa ameshaingia. Wilson akabaki amezungukwa na kwaya, majani shingoni, blanketi mabegani. Wacera akamnyooshea andazi. "Kula, Dairekta. Safari ni ndefu."

Kupitia kioo Wilson akaona kofia ya chifu ikirudi, na pande zake mbili polisi wawili wakubwa. Hakujua, na sisi tulikuja kujua baadaye, kwamba hao polisi walikuwa vijana wa kwetu Uasin Gishu, wamesikia lafudhi ya nyumbani, wanakuja mbio kumsalimia msafiri na kuomba mursik. Mwenye hatia haoni salamu. Yeye anaona pingu.

Wilson akakimbia.

Akapita katikati ya soprano, akaruka sanduku la Mzungu mmoja, akashika njia ya magari, blanketi likipepea nyuma. Na hapo, wazazi wenzangu, ndipo mapenzi ya watu wa Ziwa yalipoonekana. Hakuna aliyefikiri kwamba mtu anatoroka. Walifikiri ndege inamwacha.

"Kimbia, mwanangu!" Mama Jemutai akapiga kelele. "Kimbia, ndege itakuacha!"

"Msaidieni!" Mzee Kipkorir akalia, naye ndani ya koti la rangi ya maziwa akatimua mbio. Kwaya ikamfuata, wakiimba na kukimbia. Mwalimu wa kwaya alimkaribia sana kwa vile viatu vya ncha. Polisi wakakimbia wakiuliza ni ndege gani. Kiarie akakimbia upande upande kama kaa, asikose kitu. Kila Wilson alipogeuka akaona umati umekaribia zaidi, unapiga makofi, unamtia moyo, na kila alipotiwa moyo aliongeza mbio.

Lori la kabichi lilikuwa likitoka polepole langoni. Wilson akarukia nyuma yake, gambuti moja ikabaki barabarani, akazama ndani ya kabichi mpaka kifuani. Lori likaongeza mwendo. Watu wakasimama, wakihema, wakainua mikono, wakapunga. Walipunga mpaka lori likawa kama nzi.

"Lakini," Chifu akasema, akivuta pumzi, "mbona amepanda kabichi?"

Wakatazamana. Wacera alikaa chini ukingoni mwa barabara, akafunika uso kwa leso, akacheka mpaka machozi yakalowesha kikapu. Kiarie akamtazama mkewe, akatazama ile gambuti, akatazama bati lililokuwa bado kwapani mwa Mama Jemutai. Akakitoa kile kitambaa mfukoni, akaifunika kamera taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyepona homa.

Ile reli mpya ilisafishwa Nairobi, na ilipofika Ziwa jumba halikutosha. Watu walicheka, hata wakati wa kuvuta pumzi wakacheka. Mzee Kipkorir alijiona uso mzima, anakimbia ndani ya koti, akaomba irudishwe. Na Kiarie alikuwa na habari: yule mwenye maabara ya filamu Nairobi alimwambia kwamba tamasha la Asia lipo kweli, lina anwani, linapokea kwa posta, wala halina haja na kamera ya mtu. Na aliapa kwamba filamu ya msindikizo ingeshinda yote.

"Kwa hivyo nauliza tena," Kiarie akasema. "Hii iende au isiende?"

"Iende!" jumba zima likanguruma.

"Haiendi," Mama Jemutai akasema.

Kiarie akakunja uso kama anayenyang'anywa kijiko. "Lakini mama, huyo mtu alitaka kutuibia."

"Alitaka. Na mimi nilimwita mtoto wangu mbele yenu wote, nikampa blanketi. Huko aliko ana mama aliyemzaa. Sasa mnataka wageni wa ng'ambo wamcheke mtoto wa mtu na gambuti moja? Aibu ya nyumbani haipandishwi ndege. Wewe Kiarie, peleka ile ya punda. Ni kazi safi."

"Na hii?" Kiarie akauliza, karibu kulia.

Mama Jemutai akafikiri.

"Hii hapa nyumbani inahitajika sana. Anza na Turbo. Halafu Kapsabet. Halafu Kitale."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Safari ya Mkebe ikaenda Asia kwa posta, na baada ya muda Asia ikajibu kwa adabu kwamba haikushinda lakini punda alipendwa. Na ile nyingine ikazunguka nyanda za juu, jumba kwa jumba, shule kwa shule. Wacera ndiye alishika mlango, na Nyaguthii hakurudishwa nyumbani na sanduku.

Mvua mbili baadaye, mtu mmoja mwenye sauti laini alisimama mbele ya duka la masweta kule Kitale. Koti jipya, kofia mpya. Ndani aliona mashine ya kufuma, ya kigeni, inang'aa. Akavua kofia, akaingia kama mtu aliyeingia kanisani.

"Samahani. Wewe ndiye Warigia? Warigia yule wa masweta? Nimekutafuta sana. Huko Ulaya kuna maonyesho..."

Warigia akainua macho kutoka kwenye uzi. Akautazama ule uso. Akasogea, akautazama vizuri. Kisha akapiga kofi moja kubwa la furaha, akakimbilia dirishani.

"Jamani njooni! Mwiteni na mwenye bucha! Yule wa gambuti amekuja kwetu! Unaenda lini, Dairekta? Mpaka Ulaya? Tutafute lori?"

Mlango ukajaa watu. Hakuna aliyekasirika. Walikuwa wakitabasamu wote, mwenye bucha na aproni yake, watoto wa shule, kinyozi na kitana mkononi, wengine wameshaanza kuimba. Wilson akageuka kulia, akageuka kushoto, akaona mikono iliyo tayari kumsindikiza popote duniani.

"Siendi mahali, mama," akasema, na sauti ikatoka si laini hata kidogo. "Natafuta kazi tu."

Warigia akanyoosha kidole kwenye kona.

"Basi shika huo ufagio," akasema. "Anza hapo mlangoni, watu wapate pa kusimama."